Chupa ya Vouvray na zabibu za kwetu Hombolo

Jamani nimetoka dukani hapa Tours, Ufaransa, nimekasirika. Chupa moja ya waini ya Vouvray, ya kawaida kabisa, euro 14. Pigeni hesabu kwa shilingi halafu mnikumbushe kilo ya zabibu kwetu Hombolo, Dodoma, inaenda bei gani msimu ukichanganya, pale zabibu zinapomwozea mkulima shambani na mnunuzi hapokei simu.

Na hizo zabibu za Vouvray nimezikata kwa mikono yangu. Kijiji cha Vouvray kiko pembeni tu ya Tours, kandokando ya Loire, mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000, na bonde lake mizabibu haiishi: karibu na bahari upande wa Nantes ni waini ya Muscadet, huku kwetu Vouvray na Chinon, ukipandisha mto mbali zaidi unakuta Sancerre. Vouvray wanalima Chenin, zabibu nyeupe, na mwaka ukiwa mzuri nyingine wanaziacha mtini mpaka zishikwe na ukungu (kuvu) wa kijivu. Mara ya kwanza ukiziona unasema hizi za kutupa, tunda limenywea, limekunjamana kama zabibu kavu za kwenye pilau, lakini maji yamepungua na sukari imejaa, ndo wanapata ile waini tamu inayokaa miaka na miaka. Unapita mstari uleule zaidi ya mara moja, unakata zilizofikia tu, nyingine unaziacha, sekateri, ule mkasi wa kukatia, inanata mkononi na nyigu wanakuzunguka usoni.

Kazi wanaifanya, sikatai. Na shida wanazo, Aprili 2021 baridi ya usiku iliunguza machipukizi, watu waliwasha mishumaa mashambani usiku kucha na bado wengi wakapoteza sehemu kubwa ya mavuno. Sisi Dodoma baridi ya hivyo hatuijui, na tunavuna mara mbili kwa mwaka! Wao mara moja.

Sasa wanatuzidi wapi? Jina bana. Tangu 1936 jina la Vouvray linalindwa kisheria, zabibu isipotoka kwenye vijiji vilivyotajwa huruhusiwi kuliandika, na hata mavuno kwa hekta yamewekewa kikomo. Mkulima mdogo anakamua mwenyewe, anajaza chupa mwenyewe, anauzia hapohapo nyumbani. Wa kwetu anauza kwa kilo, akijitahidi sana anauza mchuzi wa zabibu, na bei anapangiwa.

Mnaoniuliza inboksi kuhusu vibarua vya kuvuna: ni Septemba mpaka Oktoba, wiki chache tu, na mgongo utauma kwelikweli. Msije bila kibali cha kazi. Kima cha chini ni karibu euro 12 kwa saa kabla ya makato, daini mkataba wa maandishi na slipu ya mshahara, bosi mmoja alitaka kunikata hela ya chumba ambayo hatukukubaliana, nikamwekea mkataba mezani akairudisha yote.

Ila wewe mwenye ekari zako Hombolo au Mpunguzi, nakuomba usiuze shamba uje kuvuna ya watu. Unganeni mnunue mashine ya kukamua, wabaneni wabunge jina la zabibu za Dodoma lilindwe kisheria, na kwenye chupa andikeni jina la kijiji kwa herufi kubwa.