Jinsi nilivyotatua ishara hafifu ya kihisi cha tangi

Kihisi cha tangi langu la maji hutuma ishara kwa masafa ya 433 MHz, na kipokezi ndani ya nyumba kilikuwa kinaipata kwa kubahatisha. Nilibadilisha betri mara mbili, bure. Kumbe tatizo ni ule msokoto mdogo wa waya, yaani antena, uliokuja na moduli (kibao kidogo cha redio).

Hesabu ni nyepesi: 300 (kasi ya mawimbi ya redio, kwa mamilioni ya mita kwa sekunde) gawa kwa 433 ni urefu wa wimbi, karibu mita 0.69, robo yake ni sentimita 17.3. Nikakata waya wa shaba wa urefu huo, nikauchomea kwa risasi kwenye pini ya antena. Afadhali kidogo tu. Nilisahau kwamba waya wa robo wimbi unahitaji nusu ya pili, yaani ardhi (ya saketi, si udongo). Nikaongeza nyaya nne kama huo kwenye pini ya GND (ardhi hiyo), zikiinama chini nyuzi 45 kama miguu ya kigoda. Mwinamo huo si urembo: unasogeza ukinzani wa antena karibu na omu 50, ambazo moduli nyingi zimetengenezewa.

Mwisho nikapunguza waya wa kati milimita chache chache (ukipitiliza, unaanza upya) hadi sentimita 16.5. Ishara ikatulia, hata mlango wa chuma ukifungwa.