Visima vya pembeni vya ELISA kusoma juu: jinsi nilivyotatua

Naandika hili kwa furaha, maana lilitusumbua sana maabara. Tulikuwa tunapima IL-6, protini ya kupashana habari ya mfumo wa kinga, kwa seti ya ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili na kimeng'enya kutoa rangi kulingana na kiasi cha protini) yenye pleti ya visima 96. Seramu ileile ikiwekwa kisima cha pembeni ilitoa rangi nzito kuliko katikati.

Tuliongeza kuosha, tukabadilisha ncha za pipeti, tukatengeneza stendadi (sampuli za kiasi kinachojulikana) upya. Wapi!

Tatizo lilikuwa joto. Pleti ikitoka kwenye friji, pembeni hupata joto kabla ya katikati, na kimeng'enya huko hukimbia zaidi. Sasa pleti inakaa ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ifikie joto la chumba. Bafa vivyo hivyo, na TMB (kimiminika ambacho kimeng'enya hukigeuza rangi) pia, ila hiyo gizani. Lakini kilichomaliza kazi ni kidogo mno: tuliacha kupanga pleti moja juu ya nyingine wakati wa kusubiri. Kila moja inalala peke yake mezani, mbali na kiyoyozi, imefunikwa plastiki ya kunata. Asidi ya kusimamisha mmenyuko inawekwa kisima kwa kisima kwa mpangilio uleule wa TMB, kisha tunasoma kwa nanomita 450. Safu A na H, za pembeni, sasa zinalingana na za katikati.