Mkate wa kumimina bila vifuu

Nyumbani Ng'ambo, Unguja, siku za mkate wa kumimina mimi nilikuwa na kazi moja: vifuu vya nazi. Niviokote uani, niviwashe, vikishika moto nimpelekee mama. Yaliyoendelea kwenye sufuria hayakunihusu, mimi nikingoja kula tu. Sasa niko Göteborg, Uswidi, na ulikuwa mwezi wa Desemba, jua linazama saa tisa na nusu alasiri, nilipoutamani mkate ule mpaka nikauota.

Kilichonitia wasiwasi mwanzo ni hiliki. Kumbe Waswidi nao wana wazimu wa hiliki! Wana maandazi yao ya kusokota wanayoyatia hiliki ya kutosha, na asubuhi ukipita mlangoni kwa muoka mikate utadhani uko sokoni Darajani. Inauzwa kila duka, ya unga na ya punje. Tui la kopo nalo lipo. Nikajiona nimeshamaliza kazi.

Mchele ndio ulioniumbua. Nilinunua wa duka la karibu, punje fupi nene, ule ambao wenyewe huupikia uji wa maziwa wakati wa Krismasi. Nikauloweka usiku kucha, nikausaga na tui, nikaoka. Kilichotoka kilivutika kama gundi. Nikampigia mama kwa video.

"Umeloweka mchele gani?"

"Wa huku, mama."

"Wa huku wa nini?"

"Wa uji."

Akanyamaza, kisha akamwita jirani aje kutazama.

Mara ya pili nikaenda kwa Msomali nikachukua basmati. Safari hii ikawa hamira. Huku wanauza mbichi, kipande cha gramu 50 kimefungwa karatasi, laini kama sabuni iliyolowa. Nilitia robo, nikangoja saa nzima. Nyumba baridi, uji kimya. Nikatia robo nyingine nikaenda kulala. Asubuhi umeshamwagika mezani, unanuka kama tembo la mnazi lililolala. Mama akasema kosa si hamira, kosa ni baridi. Basi siku hizi nauweka uji ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu inawaka, na bakuli la maji ya moto pembeni. Saa moja na kidogo unatosha, vipovu vinaonekana juu. Ukizidi hapo unachachuka.

Mara ya tatu nikaupika juu ya jiko, moto mdogo, nimefunika, kama alivyofanya mama. Chini ukaungua, juu mweupe, mbichi.

"Nimefanya vilevile kama wewe," nikamwambia.

"Na juu ulitia nini?"

Makaa! Makaa ya vifuu juu ya bati la kufunikia, nilivyovileta mwenyewe miaka yote ile, na ndivyo pekee nilivyovisahau.

Oveni inafanya kazi hiyo, lakini usiumimine uji kwenye sufuria baridi ukauingiza, utashikana chini na vitundu havitapatikana. Mimi natumia kikaango kizito cha chuma chenye mkono wa chuma. Vikombe viwili vya basmati iliyolowekwa usiku, kopo moja la tui la ml 400 (usilimalize lote kwa mara moja, uji uwe mzito kama wa vitumbua), hamira ya unga kijiko kimoja cha chai, maana ile mbichi nimeshaiogopa, na hiliki kwa ukarimu. Ukishaumuka ndipo unatia sukari, kikombe kasorobo, na ute wa yai moja uliopigwa. Sukari hulegeza uji, kwa hiyo anayeitia mapema asishangae. Napasha kikaango na mafuta jikoni, namimina, nikisikia unachemka pembeni naacha dakika tano moto mdogo, kisha oveni nyuzi 180 kama nusu saa. Mwisho nawasha moto wa juu peke yake mpaka ugeuke rangi ya dhahabu, na hapo siondoki, maana dakika mbili tu zinatosha kuuharibu.

Jumamosi iliyopita nilimwonyesha mama. Akausogelea uso wa simu, akautazama sana.

"Juu pazuri," akasema. "Hebu ugeuze nione chini."

Nikamwambia mtandao unasumbua.