Mradi wa kupima mapigo ya moyo: dakika moja baada ya kuacha kukanyaga

Swali lililoanzisha mradi huu ni dogo: moyo unajuaje kwamba miguu imeanza kazi, na baada ya kazi kwisha, unajuaje kwamba sasa unaweza kupumzika? Vifaa vyangu ni baiskeli ya mazoezi ya ndani, mkanda wa kifuani unaonasa umeme wa moyo, na programu ya simu inayoandika muda kati ya pigo na pigo kwa milisekunde. Utaratibu haubadiliki: kukaa tuli kwenye tandiko kwa dakika tano, kukanyaga kwa ukinzani na kasi ileile kwa dakika kumi, kisha kuacha ghafla na kuendelea kurekodi huku nimekaa vilevile. Sikutumia saa ya mkononi kwa sababu saa nyingi hukadiria mapigo kwa mwanga unaopenya ngozini na huonyesha wastani wa sekunde kadhaa, na wastani huo hufuta mambo yanayotokea pigo kwa pigo, ambayo ndiyo hasa ninayoyatafuta.

Rekodi za mwanzo zilinionyesha jambo ambalo vitabu hulitaja kwa sentensi moja tu. Kabla hata pedali haijazunguka, mara mikono inaposhika usukani, mapigo hupanda kidogo. Ubongo umeshatoa taarifa mapema. Kisha ninapokanyaga, muda kati ya mapigo, uliokuwa karibu milisekunde 940, hushuka hadi karibu 700 ndani ya mapigo machache, yaani moyo umetoka kwenye mapigo 64 kwa dakika na kupita 80 kabla sijavuta pumzi ya pili. Hakuna homoni inayoweza kumwagwa kwenye damu, ikazunguka na kufika moyoni kwa haraka hiyo. Hiyo ni kazi ya neva.

Kwenye ukuta wa chemba ya juu ya kulia kuna kundi dogo la seli zinazojichochea zenyewe kwa umeme, na zikiachwa bila kuingiliwa zingepiga takriban mara 100 kwa dakika. Mtu aliyepumzika ana mapigo 60 au 70 kwa sababu neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kuupunguzia moyo kasi, imekanyaga breki muda wote. Zoezi linapoanza, kinachotangulia ni breki kuachiwa. Neva za simpathetiki, zile zinazouharakisha moyo, na homoni ya adrenalini hufuata baadaye, na ndizo zinazousukuma moyo kupita kile kiwango cha 100. Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa watu waliopandikizwa moyo. Moyo mpya hufika ukiwa umekatwa neva zake, kwa hiyo hupiga takriban mara 90 hadi 110 kwa dakika hata mtu akiwa amelala, na anapofanya mazoezi mapigo hupanda polepole, yakisubiri adrenalini iletwe na damu, na baada ya mazoezi huchelewa kushuka.

Mapigo, hata hivyo, ni nusu tu ya hesabu. Kiasi cha damu kinachosukumwa kwa dakika ni idadi ya mapigo mara ujazo wa kila pigo: kwa mtu mzima aliyepumzika ni mapigo 70 mara mililita 70, karibu lita 5. Katika zoezi kali, mtu mwenye afya anaweza kufikia lita 20 au zaidi, na wanariadha wakubwa wa masafa marefu hupita lita 35. Ujazo wa pigo huongezeka kwa sababu misuli ya miguu, kila inapojikaza, huikamua mishipa ya vena na kurudisha damu moyoni, na vali zilizomo ndani ya vena huizuia isirudi chini. Damu inayorudi kwa wingi huvuta kuta za moyo, na misuli ya moyo iliyovutwa hujikaza kwa nguvu zaidi. Kanuni hii inaitwa kwa majina ya Otto Frank na Ernest Starling, walioichunguza mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati huohuo damu hugawanywa upya: misuli, ambayo hupata takriban asilimia 20 ya damu yote wakati wa mapumziko, hupata asilimia 80 au zaidi katika zoezi zito, huku utumbo na figo zikipunguziwa.

Jambo moja lilinifanya nisimamishe vipimo kwa muda ili nilielewe vizuri. Ventrikali ya kushoto, yaani chemba ya chini ya moyo inayosukuma damu mwilini, hupata sehemu kubwa ya damu yake yenyewe wakati imelegea, kwa sababu inapojikaza huibana mishipa inayoilisha. Mapigo yakiwa 60, mzunguko mmoja huchukua sekunde nzima na takriban theluthi mbili yake ni muda wa kulegea. Mapigo yakiwa 180, mzunguko mzima ni theluthi ya sekunde, na kinachopunguzwa zaidi ni ule muda wa kulegea. Yaani moyo unapohitaji damu nyingi zaidi ndipo unapokuwa na nafasi finyu zaidi ya kuipata, na kwa kuwa hata wakati wa mapumziko hunyonya karibu asilimia 70 ya oksijeni iliyomo katika damu yake, njia pekee ya maana iliyobaki ni kutanua mishipa yake. Ndiyo maana mshipa uliozibwa kwa sehemu unaweza kunyamaza siku nzima na kujitangaza kwa maumivu ya kifua pale tu mtu anapopanda ngazi.

Sasa dakika ya kwanza baada ya kuacha kukanyaga. Mwanzoni mwa mradi mapigo yangu yalishuka katika dakika hiyo kutoka 148 hadi 121. Katika rekodi za karibuni, kwa ukinzani uleule, yanaanzia 136 na kufika 98. Tofauti kati ya namba za kila jozi ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu mteremko huo wa haraka ni kazi ya vagasi kukanyaga breki tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia watu waliopimwa kwenye mashine ya kukimbilia na kuonyesha kwamba wale ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au pungufu katika dakika ya kwanza walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata. Wao walijitahidi hadi ukomo kisha wakatembea polepole, mimi sifanyi hivyo, kwa hiyo sizilinganishi namba zangu na zile; nazilinganisha zenyewe kwa zenyewe.

Kwa nini ukinzani uleule sasa unadai mapigo machache? Mazoezi hayapandishi kiwango cha juu cha mapigo, ambacho hufuata umri zaidi. Kanuni ya 220 ukitoa umri ni makadirio ya jumla tu, inayoweza kumkosea mtu mmoja kwa mapigo 10 au zaidi, na haimfai kabisa anayetumia dawa za kundi la beta-bloka, ambazo hupunguza mapigo ya moyo. Kinachobadilika ni ujazo wa pigo. Plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, huanza kuongezeka ndani ya siku chache za mazoezi. Moyo wenyewe kutanuka huchukua miezi, jambo ambalo daktari Msweden Henschen aliliona mwaka 1899 kwa wanamichezo wa kuteleza thelujini, akigonga vifua vyao kwa vidole ili kukadiria ukubwa wa moyo.

Awamu inayofuata itahusu mapigo yanayopanda taratibu ingawa kasi haijabadilika, kadiri mwili unavyopata joto na kupoteza maji. Nitarefusha zoezi hadi dakika 40, mara moja feni ikiwa imewashwa na mara nyingine imezimwa, na kupima uzito kabla na baada ili nijue jasho lililotoka.