Mabano katika Waraka wa Yohana

Jumamosi jioni, kwenye baraza la kahawa karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, jirani yangu Mwislamu, ambaye kwa umri namwita mzee, alinitaka nimwonyeshe aya moja tu ya Biblia inayosema kwamba Mungu ni Utatu. Nilikimbilia 1 Yohana 5:7. Alivaa miwani, akaufuata mstari kwa kidole mpaka akafika penye mabano, akaniuliza: "Mwanangu, haya yametiwa ya nini?"

Swali lake lilikuwa la haki. Maneno "mbinguni, Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja" hayamo katika hati kongwe za Kigiriki. Erasmus, mwanazuoni aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyaweka katika matoleo yake ya 1516 na 1519, akayaingiza katika lile la 1522 baada ya kulaumiwa. Watafsiri wa Biblia yetu ya Union, iliyotoka 1952, walituonya kwa mabano hayo, nasi tunayasoma maneno hayo kana kwamba mabano hayapo.

Nikahamia Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja," lakini mzee, ambaye miaka ya mihadhara ya Waislamu na Wakristo imemfunza Biblia kuliko waumini wengi ninaosali nao, akanifungulia Yohana 17:22, ambapo wanafunzi nao wanaombewa wawe na umoja kama huo huo. Nilinyamaza, nikamaliza kahawa yangu tungu.

Hoja ninayoiona nzito ni nyingine. Tomaso anamwambia Yesu, "Bwana wangu na Mungu wangu!" (Yohana 20:28), na Yesu, badala ya kumkemea, anaikubali imani yake, ilhali katika Ufunuo 22:9 Yohana anapotaka kumsujudia malaika, malaika anamkataza papo hapo na kumwambia amsujudie Mungu. Ukiongeza Mathayo 28:19, ambapo ubatizo ni kwa jina, si kwa majina, la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, utaona kwa nini maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 waliona hawana budi kumkiri Mwana kuwa Mungu kweli, na wale wa Konstantinopoli mwaka 381, walipofika kwenye habari za Roho, kukiri kwamba naye huabudiwa pamoja na Baba na Mwana. Neno Utatu lenyewe halimo katika Biblia; fundisho hili ni hitimisho la aya nyingi zinazosomwa pamoja, na anayeahidi kulionyesha katika aya moja anajitafutia aibu niliyoipata mimi.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasoma Marko 13:32, kwamba siku ile haijui hata Mwana, ila Baba. Nilimjibu kwamba Yesu alisema hivyo kwa upande wa ubinadamu wake. "Hilo limeandikwa hapa?" akauliza. Nikakiri kwamba halikuandikwa hapo, bali latokana na kuisoma aya hiyo pamoja na Yohana 1, ambapo Neno aliye Mungu anafanyika mwili. Adhana ya magharibi ikatukuta papo hapo; akaenda zake msikitini, na Marko bado tunadaiana.