Mbwa wangu jike alikuwa hashiki mimba: kipimo cha projesteroni kilivyotusaidia

Hatimaye ultrasaundi imeonyesha watoto, basi naandika kwa ajili ya yeyote anayehangaika kama nilivyohangaika mimi. Jike anaingia kwenye joto vizuri, anapandwa, halafu kimya. Tulihesabu siku tangu damu ianze, tukangoja damu ipauke, tukamwachia dume aamue mwenyewe. Wapi! Wapo majike wanaopevusha mayai mapema na wapo wanaochelewa sana. Kalenda peke yake haitoshi.

Kilichosaidia ni kupima projesteroni, homoni inayopanda mayai yanapokaribia kutoka, kwenye damu, kila baada ya siku mbili tatu. Ikifika karibu nanogramu 2 kwa mililita, homoni ya LH, ile inayochochea mayai yatoke, imepanda. Ikifika kama 5, mayai yanatoka. Ila mayai ya mbwa hutoka yakiwa machanga, yanahitaji takriban siku 2 nyingine kukomaa, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia kwa dume siku hiyo hiyo.

Sasa, lililotuchanganya: karatasi ya kwanza ilisema 6.4, ya pili, ya maabara nyingine, 5.1. Imeshuka? Hata kidogo. Ya kwanza ilihesabu kwa nanomoli kwa lita, ya pili kwa nanogramu kwa mililita. Gawanya nanomoli kwa 3.18 na ile 6.4 inakuwa 2 tu. Kumbe ilikuwa inapanda vizuri! Soma vile viherufi vidogo pembeni ya namba kabla hujampigia simu mwenye dume. Tukabaki na maabara moja, tukampandisha siku ya 2 na ya 4 baada ya mayai kutoka.