Plazma ikishapimwa, kazi bado ipo

Wengi wetu tukisikia kwamba damu imepimwa na kuonekana safi, huona suala limekwisha. Kwa plazma, ile sehemu ya damu yenye umanjano inayobaki chembe zikitenganishwa, kipimo ni hatua ya kwanza tu. Mchangiaji aliyeambukizwa karibuni anaweza kuwa na virusi vichache mno kugundulika. Na kwa kuwa dawa nyingi za plazma hutokana na plazma ya maelfu ya watu iliyochanganywa pamoja, mmoja huyo anatosha kuichafua yote. Ndivyo wagonjwa wengi wa hemofilia walivyopata VVU na homa ya ini C, hadi katikati ya miaka ya 1980, kutokana na dawa waliyopewa ili damu yao igande.

Ugumu ni kwamba kinachoua virusi huweza kuharibu pia protini anazozihitaji mgonjwa. Albumini, mojawapo ya protini za plazma, ni stahimilivu: ikiwekewa vitu vya kuikinga, hupashwa joto la nyuzi 60 za Selsiasi kwa saa 10 na kubaki nzima. Protini za kugandisha damu ni dhaifu zaidi, na ndiyo maana naistaajabia njia ya kiyeyushi na sabuni, iliyobuniwa na Bernard Horowitz na wenzake wa New York Blood Center na kuidhinishwa Marekani mwaka 1985. VVU na virusi vya homa ya ini B na C vimevikwa utando wa mafuta. Utando huo ukivunjwa na kiyeyushi na sabuni, kirusi hakiwezi tena kuingia kwenye seli, ilhali protini nyingi hazidhuriki. Baada ya saa kadhaa kemikali zenyewe huondolewa, mara nyingine kwa kukoroga plazma na mafuta ya mimea yanayozivuta.

Hata hivyo, virusi visivyo na utando, kama vya homa ya ini A na parvovirusi B19, havijali sabuni. Kwa dawa zenye protini ndogo kiasi, hutumika vichujio vya vitundu vya nanomita 20 hivi. Kwa mfuko mmoja mmoja wa plazma, huongezwa rangi ya bluu ya methilini, plazma ikaelekea ukijani, kisha mfuko humulikwa kwa taa: mwanga huiamsha rangi nayo hushambulia vinasaba vya virusi, hasa vile vyenye utando. Sehemu kubwa ya rangi hiyo huchujwa kabla mgonjwa hajapewa plazma hiyo, ingawa faibrinojeni na faktari ya nane, ambazo ni protini za kugandisha damu, huwa zimepungua kwa kiasi fulani.